Kengele ya Saa Sita na Gurudumu la Kushoto

Kazi aliyopewa Marie-Louise Jumamosi ile ilikuwa ya kukaa tu. Akae ndani ya gari lisilokwenda popote, ashike usukani kwa mikono miwili, asiusogeze hata kidogo mpaka mdogo wake aseme basi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota ndogo ya zamani, ya manjano, iliyong'olewa kila kitu ndani ikabaki bati tupu na mabomba. Kiti kilikuwa kimoja, cha dereva, chembamba kama ganda la njugu. Marie-Louise, mama wa umbo la kujaa, aliingizwa humo kwa kusukumwa bega na kuvutwa mguu.

"Yaya, jikaze kidogo," alisema Hilaire, mdogo wake, aliyemwita dada hivyo kama kwao Butembo, akicheka.

"Miye nimejikaza tangu nizaliwe. Hiki kiti njo hakijajikaza."

Hilaire alikuwa fundi. Gereji yake ilikuwa Bwera, hatua chache kutoka barabara iteremkayo kwenda mpakani Mpondwe, na watu wa pande zote mbili za mto Lhubiriha, Uganda na Kongo, walimletea magari yaliyokuwa yakivuta upande. Kazi hiyo Waganda waliiita alaimenti. Yeye, aliyejifunzia Butembo, aliiita paralelismu. Kwa jina lolote, maana yake ilikuwa kwamba magurudumu mawili ya mbele yatazame mbele kwa pamoja, pasiwe na moja linalotamani njia yake.

Kwa gari la kubeba ndizi, kosa dogo hula tairi tu. Lakini hili lilikuwa gari la mbio, na si mbio za kupinda milimani. Magari mawili husimama sambamba kwenye lami iliyonyooka, bendera ikishuka yanaruka kama yaliyochomwa, na la kwanza kufika mwisho ndilo limeshinda. Mambo yote huisha kabla mtu hajamaliza kumeza mate. Katika mwendo huo gurudumu likitazama nje kidogo tu, gari huanza kuyumba, na dereva hana nafasi ya kulirudisha.

Dereva alikuwa Kule, mtoto wa pekee wa Marie-Louise.

Ndiyo maana Hilaire alilipima gari hilo kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa gari la mteja mwingine. Alifunga nyuzi mbili, moja kila ubavu, kutoka fito alizosimamisha nyuma ya gari hadi fito za mbele, zikakazwa hadi zikawa zinalia ukizigusa. Chini ya magurudumu ya mbele aliweka vipande vya bati vilivyopakwa grisi, ili yageuke bila kukwama. Nyuma alipakia magunia ya kahawa, kwa sababu gari la namna hii likiondoka huinua pua, naye alitaka kulipima likiwa limeinua pua hivyo hivyo. Kilichobaki ni uzito wa dereva kitini. Kule alikuwa ameitwa Kasese kwenye ukaguzi wa madereva, asingeweza kuwepo. Hilaire alimtazama dada yake toka juu hadi chini, akamfikiria mpwa wake aliyekuwa na mabega kama mlango, akasema wamelingana.

"Kwa hiyo miye iko gunia ingine ya kahawa," Marie-Louise alisema.

"Gunia haliwezi kushika usukani. Yaya, sikia vizuri. Nikipima gurudumu la huku, halafu nikienda kupima la kule, usukani usitoke mahali pake. Ukitoka kidogo tu, vipimo vyote vimekufa. Ata inzi akikaa kwenye pua yako, umwachie pua."

"Sawa. Atakula pua yote."

Akashika. Mikono yake ilikuwa imara. Kwa miaka mingi ilikuwa imepima na kukata vitenge kwenye soko la Mpondwe, na wateja wake walijua kwamba mkasi wa Mama Kule hauendi kombo.

Moyo wake ndio haukuwa mahali pamoja na mikono.

Baba yake Kule alikuwa dereva wa lori la mbao. Alitoka Butembo alfajiri moja akipiga mluzi, na jioni wenzake wakamrudisha akiwa chini ya turubai. Kule alikuwa bado ananyonya. Marie-Louise alivuka mpaka na mtoto mgongoni, akajenga maisha Bwera, akamlea mwanawe kwa neno moja: polepole. Kula polepole. Shuka mlima polepole. Hata kuoa, ukipata msichana, polepole. Na Mungu, ambaye pengine alikuwa akitabasamu, akampa mtoto aliyependa mwendo kuliko chakula. Kule alianza kwa kusukuma toroli la mbao mteremkoni, akaenda kwenye pikipiki, akaajiriwa kuendesha lori la Bwana Baker, mnunuzi wa kahawa wa Kasese. Kumbe Baker naye alikuwa na ugonjwa ule ule, na ndani ya ghala lake alikuwa ameficha gari la manjano.

Marie-Louise hakuwahi kumkataza. Aliogopa kwamba akimkataza atakwenda kwa siri, na kwa siri ni kubaya zaidi. Alinyamaza, akashona, akaomba.

Hilaire alimaliza gurudumu la kushoto. Alilala chali, akakaza nati ya fimbo inayosukuma gurudumu, akapima tena kati ya uzi na ukingo wa mbele wa rimu, kisha kati ya uzi na ukingo wa nyuma. Akapiga bati kwa kiganja kwa furaha.

"La kushoto limenyooka kama padri. Yaya, usikohoe. Minaenda kulia."

Alihamia upande wa pili, akajisukuma chini ya gari, akalegeza nati. Wakati huo kengele ya parokia ikalia saa sita.

Kengele ile Marie-Louise alikuwa ameiitikia tangu ana meno ya maziwa. Ilimkuta akifua mtoni, ilimkuta akihesabu yadi za kitambaa, na popote ilipomkuta mikono yake iliacha ilichoshika bila kumwuliza. Hata siku ile haikumwuliza. Mikono ilitoka kwenye usukani, wa kulia ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukaenda bega hili na bega lile, kisha yote miwili ikafumbatana. Chini ya gari, Hilaire aliweka spana tumboni, akavua kofia akiwa amelala vile vile. Walisali sala ya Malaika wa Bwana pamoja, mmoja kitini na mwingine ardhini, kwa Kifaransa kama walivyofundishwa na mama yao, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuitikia.

Mwishoni Marie-Louise aliongeza ya kwake, kimoyomoyo.

"Bwana, uzuie gari hili. Sijui utalizuia vipi. Wewe unajua."

Akaurudisha mkono wa kushoto, akaurudisha wa kulia. Usukani aliuona uko pale pale. Hilaire akavaa kofia, akaendelea na gurudumu la kulia.

Kawaida yake, baada ya kumaliza, ilikuwa kurudi mwanzo na kupima yote upya. Lakini mvua ya Rwenzori siku hiyo haikubisha hodi. Ilishuka mlimani ikiwa nyeupe, ikalowesha nyuzi zikalegea, na kule barabarani lori la Baker likaanza kupiga honi. Baker mwenyewe aliingia mbio akiwa na turubai kichwani, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia mnada.

"Hilaire! Ile mito ikijaa hapa njiani, sisi talala na gari yako hapa Bwera! Imemaliza?"

Hilaire alizitazama nyuzi zilizolowa. Akamtazama dada yake.

"Yaya, ulisogeza usukani?"

"Sikusogeza."

Wala hakuwa anadanganya. Kwake yeye kusali hakukuwa kusogeza kitu. Hilaire aliiamini ile mikono kuliko alivyoziamini nyuzi. Wakalipandisha gari kwenye lori, wakalifunika, likaondoka.

*

Mbio zilifanyika Jumapili, nje kidogo ya Kasese, upande wa Rukoki, kwenye kipande cha lami mpya kilichokuwa hakijafunguliwa kwa magari. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya mafuriko ya mto Nyamwamba, na watu wa Kasese walikuwa na kiu ya kukusanyika kwa jambo lisilo la msiba. Wengine walishuka kutoka Bugoye kwa pikipiki, wengine wakaja kutoka Kitswamba na watoto wao, wakasimama nyuma ya kamba pande zote mbili wakitafuna mahindi. Joto la Kasese lilikuwa limeshaanza kutetemesha lami.

Marie-Louise na Hilaire walifika baada ya misa ya kwanza. Yeye alibeba kikapu cha chakula kwa mikono miwili: ndizi, maharage, na samaki wa chumvi kama anavyopenda Kule.

"Wabukire, Mama Kule!" Baker alimsalimia kwa Lhukonzo, kisha akageukia Kiswahili chake. "Leo mtoto yako ataruka. Wewe tayarisha machozi ya furaha."

"Machozi iko tayari, Bwana Baker. Ya furaha ao ya nini, bado sijajua."

Kila dereva aliruhusiwa kwanza kujaribu nusu ya njia peke yake, bila mshindani. Marie-Louise alisikia injini ya gari la manjano ikilia, akainamisha uso kikapuni mpaka kelele zikaisha. Alipoinua macho, Kule alikuwa anarudi polepole, kofia ngumu tayari iko pajani. Alisimamisha gari, akashuka, lakini hakuwa na lile tabasamu lake.

"Mjomba," alimwambia Hilaire, "inatafuta."

"Inatafuta nini?"

"Njia. Inataka kushoto, nikiirudisha inataka kulia. Kama mbwa ananusa. Mwendo mdogo haioneshi. Nikikanyaga njo inaanza."

"Upepo," alisema Baker haraka. "Na hii lami yao. Si unaona imekunjwa kama shati?"

"Pengine," alisema Kule.

"Pine zina upepo sawa, nimeangalia mwenyewe," alisema Hilaire, akigonga tairi kwa kiatu. Alichuchumaa mbele ya gari, akafumba jicho moja, akatazama. Kwa macho, magurudumu yalionekana sawa. Kosa lenyewe halikufika unene wa sarafu, hakuna jicho ambalo lingeliona. "Na paralelismu nilifanya jana. Ukitaka kujua, mama yako njo alishika usukani. Hiyo mikono weye unaijua."

Wote watatu waliitazama mikono ya Marie-Louise, kama watu wanaotazama kitu cha kutegemewa.

"Basi nitaishika kwa nguvu," alisema Kule. Akavaa kofia.

Sauti ya kike ikapasua hewa kutoka mstari wa kuanzia. Ilikuwa ya Phionah, mwenye bendera, aliyewahi kuwa askari magereza na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuamuru wafungwa. "Gari ya njano! Gari nyekundu! Mbele! Hapana lala hapo!"

Marie-Louise alitaka kumwekea mwanawe ishara ya msalaba kabla hajaingia garini. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye paji la uso wake, kama siku zote, na kikapu kikabaki mkono mmoja. Kikainama. Sufuria ya maharage ikateleza, mfuniko ukaanguka kwenye lami ukalia kwa sauti nyembamba.

Alisimama hivyo, vidole viko kwenye paji la uso, akiutazama mfuniko unavyozunguka.

Kisha akakumbuka kengele.

Aliuona usukani, aliiona mikono yake ikitoka, aliyaona mabati yenye grisi ambayo yangegeuka hata kwa pumzi. La kushoto lilikuwa limeshapimwa. La kulia lilikuwa bado. Na katikati ya hayo mawili, yeye alikuwa ameachilia.

Lakini jambo lililomtia baridi halikuwa kosa. Ilikuwa ile sala. Bwana, uzuie gari hili, alikuwa amesema, sijui utalizuia vipi. Na sasa gari lilikuwa na ugonjwa ulioingia kwa mikono yake mwenyewe, dakika ile ile aliyokuwa akiomba, na ndani yake anaingia mtoto wake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, huenda Kule angeshindwa tu, akachukia, akaacha. Wazo hilo lilipita haraka kama panya ukutani, naye alilifukuza kabla halijapata mahali pa kulala. Gari lisilonyooka halimzuii mtu kwenda. Linamzuia kurudi.

"Hilaire."

"Yaya, ngoja kwanza, wanaanza."

"Hilaire, miye niliachilia usukani!"

Mdogo wake aligeuka akitabasamu, kama mtu anayengoja mzaha umalizike. "Uliachilia lini?"

"Kengele. Ulikuwa umemaliza kushoto. Kengele ikalia, nikasali. Mikono yote miwili, Hilaire. Uliponiuliza nikasema sikusogeza. Kusali sikuhesabu."

Tabasamu la Hilaire lilibaki usoni kwa muda bila mwenyewe. Kisha likaondoka. Aliinua mkono, akagusa kofia yake, akaivua pole pole kama alivyoivua chini ya gari.

"Mungu wangu. Na miye nilikuwa pale. Niliitikia sala yako mimi mwenyewe."

"Nini? Nini?" Baker alisogea. "Imetokea nini?"

Hilaire alimweleza kwa maneno machache. Baker alimgeukia Marie-Louise.

"Kusali? Mama Kule! Si ungesali na midomo, mikono ibaki ndani ya kazi? Na fundi? Fundi ilikuwa wapi?"

"Fundi alikuwa chini ya gari," alisema Hilaire, "kofia mkononi, anasali."

"Yesu wangu. Mimi nilipeleka gari kwa fundi, kumbe nimepeleka kanisani."

Marie-Louise hakuwangoja. Alitua kikapu, akainua kamba, akapita chini yake, akatembea katikati ya lami kuelekea gari la manjano, kitenge kikipepea, watu wakimpigia kelele.

"Mama! Nyuma ya kamba!" Phionah alimjia akiwa ameinua bendera kama fimbo. "Unataka kufa?"

"Afande, yule ni mutoto wangu. Gari yake haijanyooka. Kosa iko yangu."

"Nyuma, nimesema!"

"Unipige na hiyo bendera kama unataka. Sirudi."

Phionah alimtazama. Pengine gerezani aliwahi kuona mama wengi wakisimama mbele yake namna hiyo, maana bendera ilishuka kidogo. Kule alikuwa amekwisha kufungua mlango.

"Mama? Kuna nini?"

Alimwambia. Hakujitetea. Alifika kwenye sala aliyoiongeza, ile ya kuomba gari lizuiwe, akasema hata hiyo. Kule alimsikiliza, kofia iko mkononi.

"Uliomba nisikimbie," alisema Kule.

"Niliomba."

"Toka lini?"

"Toka toroli."

Kule alicheka, kicheko kifupi kilichokuwa karibu na kilio. Kisha akamgeukia Phionah. "Afande, tunajitoa."

"Ukitoka sasa, mashindano umetoka. Hakuna kurudi. Sheria ni hiyo." Akatazama magari yaliyokuwa bado yamejipanga. "Mwisho, yote ikimaliza, naweza kuacha wewe upite peke yako. Bila zawadi. Bila jina kuandikwa. Kupita tu."

Kule alimtazama Baker, mwenye gari. Baker alikuwa akilitazama lile gari jekundu lililotoka Mbarara, ambalo alikuwa ameota kulishinda tangu lilipopakwa rangi. Alishusha pumzi ndefu.

"Mimi gari naweza pata ingine," alisema. "Huyu kijana ni ya watu. Toa gari pembeni. Hilaire, leta kamba zako, na leo shetani akija, malaika akija, hakuna mtu anaacha kitu mkononi!"

Walilisukuma hadi kwenye kivuli cha lori. Fito zilikuwa zimebaki Bwera, wakajaza madumu maji, wakafunga nyuzi kwenye mishikio yake. Mabati hayakuwepo, Hilaire akachukua kavera mbili, mifuko ya plastiki, akapaka grisi katikati, akaziweka chini ya magurudumu. Magunia ya kahawa Baker aliyatoa kwenye lori lake mwenyewe. Kule aliingia kitini ashike usukani, na Hilaire akapiga magoti kwenye gurudumu la kushoto.

Aliweka rula. Akaisogeza ukingo wa nyuma. Akarudi mbele. Kisha akamwita dada yake kwa kidole, bila kusema.

Hata Marie-Louise, ambaye hakuwahi kupima kitu kisicho kitambaa, aliona. Kati ya uzi na rimu, mbele palikuwa pembamba kuliko nyuma. Gurudumu lilikuwa limegeuza uso wake nje, kidogo sana, kama mtoto darasani anayetazama dirishani.

"Njo hili," Hilaire alisema kwa sauti ya chini. "Mwendo kamili, hili lingemtoa njiani."

Akalegeza nati ili aanze upya. Lakini uzi ulipotulia alianza kunung'unika. Vipimo havikai. Aliinua kichwa.

"Kule, unasogeza."

"Ninajua, mjomba." Kule aliinua vidole vyake wote wavione. Vilikuwa vinatetemeka, bado vina moto wa ile safari ya nusu njia, na pengine wa ile ambayo hakuiendesha. "Haitulii. Mama, kaa weye."

"Miye?"

"Miye na weye uzito iko moja. Mjomba alisema."

"Tutafute mwanaume mmoja," alisema Baker. "Samahani, Mama Kule, lakini..."

"Hapana," Hilaire alimkata. "Ni yaya atashika."

Wakamwingiza tena katika lile ganda, bega likasukumwa, mguu ukavutwa, safari hii bila utani. Marie-Louise akashika usukani. Ulikuwa na joto la mikono ya mwanawe. Kupitia kioo cha mbele aliiona lami yote, nyeusi, imenyooka hadi mwisho wake ukayeyuka katika joto. Ndiyo mara yake ya kwanza kukiona kile anachokiona Kule. Hakukuwa na kona wala mteremko. Hakukuwa na lori la mbao linalokuja upande wa pili. Palikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kufikia, na katikati hakuna kilichohitajika ila kunyooka.

Hilaire alimaliza kushoto. "Limenyooka," alisema, bila kumtaja padri. Akahamia kulia.

Na kutoka mjini, mbali, upepo ukaleta kengele ya saa sita.

Spana ikasimama. Marie-Louise alihisi mikono yake ikiamka, yote miwili, kama ndege waliosikia mlio wa mwenzao. Kama angetaka, ilikuwa rahisi hivyo tena. Kidole kimoja tu. Nani angemlaumu kwa kusali? Kule angekosa hata hii safari ya mwisho isiyoandikwa jina, na jioni wangerudi Bwera wote wazima.

Akakaza mikono yote miwili kwenye usukani.

"Hilaire," alisema, "fanya kazi."

Spana ikaendelea. Nje ya gari, Kule alifanya ishara ya msalaba, kubwa, polepole, akaanza sala kwa sauti kwa niaba ya wote watatu. Mama yake aliitikia kwa midomo tu. Chini ya gari Hilaire aliitikia huku nati ikilia. Na Baker, ambaye alikuwa Mwanglikana na hakuijua sala ile, alivua kofia akaitikia amina kila alipoona pana nafasi.

Mwishoni Marie-Louise aliongeza ya kwake. Ilikuwa neno moja. "Linyooke."

Hilaire akapima yote upya, tangu mwanzo. Kisha akapima tena.

*

Jua lilikuwa limeanza kuegemea milima Phionah alipoinua bendera kuwaita. Gari jekundu lilikuwa limeshinda, na dereva wake amevikwa maua shingoni. Nusu ya watu walikuwa wameondoka. Kule alilipeleka gari la manjano mstarini, akashusha kioo, akamtazama mama yake aliyekuwa nyuma ya kamba, safari hii mahali panaporuhusiwa.

"Mama! Ukisema hapana, nashuka."

Alikuwa anasema kweli, ilionekana usoni mwake. Marie-Louise alijua kwamba jibu hili halikuwa la Hilaire wala la Baker, na kwamba mtoto wake alikuwa amemwekea mikononi kitu kizito kuliko usukani.

"Nenda," alisema.

"Polepole?" Kule alimchokoza.

Watu waliozunguka wakacheka. Yeye pia akacheka, machozi yakiwa yamefika.

"Moja kwa moja!"

Bendera ikashuka. Pua ya gari ikainuka, lami ikalia, na Marie-Louise hakuinamisha uso kikapuni. Alilitazama. Lilikwenda kama uzi unaovutwa kutoka kwenye sindano, halikunusa kushoto wala kulia, likawa dogo, likawa doa la manjano, halafu zikawaka taa nyekundu za breki kule mwisho, na likasimama.

Baker alikuwa anarukaruka kama mtu aliyeshinda. Hilaire alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, amejishika kichwa.

Kule alirudi polepole mno, kama anaendesha mkokoteni wa mayai. Alishuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye kamba.

"Mama, sikuurekebisha usukani ata mara moja. Niliushika tu. Ilienda yenyewe."

Marie-Louise aliichukua mikono ya mwanawe, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Ilikuwa imetulia. Yake mwenyewe ilikuwa bado na grisi ya usukani mpaka kwenye kucha, wala haikuwa na haraka ya kuachilia.

"Maharage yamepoa," alisema baadaye. "Tukae tule."